Hesabu ya Mauzo Duka la Mtandaoni Linapohama

Ufuatiliaji wa mauzo ni kazi ya kuunganisha mambo mawili yanayotokea mbali kwa mbali: tangazo ambalo mtu aliligusa kwenye simu yake, na shilingi alizolipa baadaye. Mwenye duka la mtandaoni anayelipia matangazo ya Facebook, Google au TikTok anataka kujua kila tangazo limemletea oda ngapi. Wala hesabu hiyo haimhudumii yeye peke yake. Mitambo ya matangazo nayo hujifunza kutokana nayo. Ikiarifiwa kwamba tangazo fulani limeleta wanunuzi kumi, hulipeleka kwa watu wengine wanaofanana na hao kumi. Ikiarifiwa kwamba hakuna aliyenunua, hulipunguzia nafasi. Hesabu ikiharibika, pesa za matangazo huanza kwenda kusikofaa, hata kama hakuna mtu aliyegusa kitu.

Hesabu hiyo huharibika hasa wakati wa mabadiliko: duka linapohamishwa kutoka jukwaa moja hadi jingine, ukurasa wa malipo unaposukwa upya, au kampuni kama Google na Apple zinapobadilisha kanuni zao. Ubaya ni kwamba huharibika kimyakimya. Oda zinaendelea kuingia, mizigo inaendelea kufungwa na kusafirishwa, simu zinaita. Kilichokatika ni uzi kati ya tangazo na malipo. Mwenye duka hushtuka wiki tatu baadaye, akikuta ripoti inasema hakuna kilichouzwa katika mwezi ambao yeye mwenyewe hakupata hata nafasi ya kupumua.

Mfano unaofaa kulieleza jambo hili unapatikana Luanda Kotieno, ufuo ulio kwenye rasi ya Uyoma katika kaunti ya Siaya, ambako feri huvuka mdomo wa Ghuba ya Winam kwenda Mbita, upande wa Homa Bay. Mali ya hapo ni samaki: omena, mbuta na ngege. Omena hununuliwa ufuoni kwa debe, ikaanikwa, kisha ikapimwa tena kwa gorogoro sokoni. Biashara hii kwa sehemu kubwa ni ya ana kwa ana. Hata hivyo duka la mtandaoni linalouza omena iliyokaushwa kutoka ufuo kama huo kwa wateja wa Kisumu na Nairobi linakusanya mahali pamoja mambo yote yanayoitesa hesabu ya mauzo: M-Pesa, WhatsApp, mtandao unaokatika na msimu wa uvuvi. Duka la namna hiyo ndilo litakalotumika hapa kama kielelezo.

Njia ya kawaida ya kufuatilia mauzo ni rahisi kueleweka. Mteja anapogusa tangazo, anwani inayofunguka huwa imebeba alama yake: Google huongeza gclid, Facebook huongeza fbclid. Alama hiyo huhifadhiwa na kivinjari ndani ya faili dogo liitwalo kuki. Mteja akimaliza kununua, ukurasa wa kumshukuru kwa oda yake hufunguka. Ndani ya ukurasa huo mna kipande cha msimbo, yaani pikseli au tagi, kinachoituma habari kwa kampuni ya matangazo: oda nambari fulani, ya thamani fulani, imelipwa na mtu mwenye alama fulani. Mfumo mzima umeegemea jambo moja, kwamba ukurasa wa shukrani utafunguka.

Kwa anayelipa kwa kadi ukurasa huo hufunguka mara nyingi. Kwa anayelipa kwa M-Pesa ni bahati nasibu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo mnunuzi wa mtandaoni nchini Kenya hutarajia kidirisha cha kuomba PIN kimtokee kwenye simu, aweke PIN, kisha asubiri SMS ya uthibitisho. SMS ikiingia, kwake shughuli imekwisha. Anaisoma, anaiweka simu mfukoni, na ukurasa wa shukrani haufunguki kamwe. Pesa zimefika na oda ni halali, lakini pikseli haikupata nafasi ya kusema chochote. Kuna pia anayenakili nambari ya tili na kulipa kwa mkono wake baada ya saa nzima, anayehamia WhatsApp kuulizia bei ya debe na kumalizia huko huko, na anayelipa boda boda mzigo ukishafika mlangoni. Wote hao ni wateja wa kweli, na kwa pikseli wote hawapo.

Kivinjari nacho kina mambo yake. Mtu aliyegusa tangazo ndani ya Facebook huwa kwenye kivinjari cha Facebook chenyewe. Akinakili anwani na kuifungua upya kwenye Chrome, kuki yake inabaki nyuma. Anayetumia Opera Mini ili kuokoa bando hupokea kurasa zilizobanwa na seva za Opera, na humo misimbo mingi ya ufuatiliaji haifanyi kazi ipasavyo. Juu ya hayo yote, kuna sehemu za ufuo ambako mtandao huja na kuondoka kama upepo wa ziwani.

Kwa sababu hizo, duka la Kenya lisitegemee ukurasa. Lihesabu mauzo mahali pesa inapothibitishwa. Ndivyo samaki wenyewe wanavyohesabiwa: kila ufuo una kikundi cha usimamizi, BMU, na samaki huandikwa wanapopakuliwa mtumbwini, pasipo kungoja mchuuzi arudi kutoka sokoni aseme alichouza. Safaricom ina mfumo wa kuunganisha programu na M-Pesa, uitwao Daraja. Malipo yaliyoanzishwa kwa kidirisha cha PIN yakikamilika, seva za Safaricom huitumia seva ya duka ujumbe wenye nambari ya matokeo. Sifuri maana yake malipo yamepita. 1032 maana yake mteja amekatisha. 1 maana yake salio halikutosha. Ujumbe huo hufika hata kama simu ya mteja imezimika. Seva ya duka ikiupokea na kuona sifuri, inaweza yenyewe kuiarifu Meta, kampuni inayomiliki Facebook, kupitia Conversions API, na Google kupitia njia yake ya kupokea mauzo. Kivinjari kinakuwa msaidizi tu.

Faida kubwa ya mpango huu huonekana siku ya mabadiliko. Sura ya duka ikibadilishwa, ukurasa wa malipo ukisukwa upya au jukwaa likiachwa kabisa, ujumbe wa M-Pesa haubadiliki. Kinachohitajika ni kuhakikisha kwamba anwani ya kupokelea ujumbe huo imehamishwa pamoja na duka. Hapo ndipo wengi hujikwaa: duka jipya linafunguliwa, anwani iliyosajiliwa bado inaelekea kwenye seva ya zamani, na seva ya zamani inazimwa ili kuokoa ada ya mwezi. Malipo yanaingia, oda zinakaa zikionyesha kwamba bado hazijalipwa, na mteja aliyelipa anapigiwa simu kuulizwa pesa zake ziko wapi.

Mabadiliko yanayotoka nje ya duka yamekuwa mengi tangu mwaka 2019. Mwaka huo Safari, kivinjari cha Apple, ilianza kuzifuta baada ya siku 7 kuki zilizowekwa kwa msimbo wa ukurasani. Machi 2020 ikazuia kabisa kuki za tovuti za watu wengine. Aprili 2021, iOS 14.5 ikailazimisha kila programu ya simu kumwomba mtumiaji ruhusa kabla ya kumfuatilia kwenye programu na tovuti za kampuni nyingine. Miezi michache kabla ya hapo Facebook ilikuwa imeondoa dirisha lake la kuhesabia mauzo la siku 28 na kuweka la siku 7 baada ya kugusa tangazo. Google nayo ilitangaza Januari 2020 kwamba Chrome itaachana na kuki za watu wengine, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikaubadilisha mpango huo.

Siku saba ni muda mfupi kwa mnunuzi wa Kenya. Mwenye mshahara anaweza kuliona tangazo la omena tarehe 12, akaona ni zuri, akangoja mwisho wa mwezi. Akilipa tarehe 30, kwa Facebook mauzo hayo hayana uhusiano na tangazo. Duka lililolinganisha ripoti za mwaka 2020 na za 2021 bila kujua hili liliweza kudhani matangazo yake yamechuja, kumbe kilichofupishwa ni kipimo.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa la Google Analytics, chombo cha kuhesabia wageni wa tovuti na wanachofanya. Toleo la zamani, Universal Analytics, liliacha kupokea takwimu za maduka ya kawaida tarehe 1 Julai 2023, na kuanzia Julai 2024 takwimu zake za zamani zikaondolewa. Toleo jipya, GA4, halihesabu kwa kipimo kile kile. La zamani lilijengwa juu ya ziara, yaani mtu kuingia dukani na kutoka. Jipya linahesabu matukio, moja moja. Mchuuzi wa omena analijua tatizo hili bila kusomeshwa. Aliyezoea kupima kwa debe akilazimishwa kupima kwa kilo, daftari la mwaka jana halisemi naye tena, maana debe la omena mbichi na debe la omena kavu hayana uzito mmoja. Njia ya pekee ya kuliokoa daftari ni kupima kwa vipimo vyote viwili kwa muda, mzigo ule ule, mpaka uhusiano wake ufahamike. Maduka yaliyoweka GA4 mwaka mmoja mapema, huku toleo la zamani likiendelea, yalivuka na hesabu zao. Yaliyongoja siku ya mwisho yalianza upya. Machi 2024 Google ikabadilisha hata jina: kilichoitwa konvesheni ndani ya GA4 kikawa tukio muhimu, na neno la awali likaachiwa upande wa matangazo.

Majukwaa ya maduka nayo hayatulii. WooCommerce, kuanzia toleo lake la 8.3 la Novemba 2023, huyapa maduka mapya ukurasa wa malipo wa aina mpya, na programu nyongeza nyingi zilizojishikiza kwenye ukurasa wa zamani hazikuweza kujishikiza huko. Shopify ilikuwa na kisanduku ambamo mwenye duka alibandika misimbo yake ya ukurasa wa shukrani. Kampuni ikapanga kukiondoa: tarehe 28 Agosti 2025 kwa maduka makubwa ya Shopify Plus, na 26 Agosti 2026 kwa mengineyo. Badala yake pikseli huwekwa ndani ya eneo lililofungwa, ambalo haliwezi kusoma kila kilicho kwenye ukurasa. Usalama wa mteja unaongezeka, na hilo ni jema, ila msimbo uliokuwa ukichungulia jina au bei iliyoandikwa ukurasani hauoni kitu.

Duka linalohama lenyewe lina kazi ya kuanzia ambayo haina mvuto wala njia ya mkato: kuandika kila tagi iliyopo, nani aliiweka, inatuma nini na kwa akaunti gani. Mara nyingi hukutwa pikseli tatu za mawakala watatu wa matangazo, mmoja wao aliyeondoka zamani. Zote zikihamishwa, oda moja huhesabiwa mara tatu. Hesabu iliyozidi ni hatari zaidi kuliko iliyopungua, kwa sababu inafurahisha. Mwenye duka huongeza bajeti akidhani anafaidi.

Dawa ya kuhesabu mara mbili ni kitambulisho kimoja cha oda. Kivinjari na seva vyote vikiituma habari ya oda ile ile kwa kitambulisho kile kile, Meta hulitambua tukio la pili na kulitupa. Google nayo hutumia nambari ya muamala kufanya hivyo. Kwa hiyo nambari ya oda ni lazima ifanane herufi kwa herufi pande zote. Lakini Shopify huanza kuhesabu oda kutoka 1001. Duka lililokwisha kupita nambari hiyo kwenye jukwaa la zamani linaweza kujikuta na oda mbili tofauti zenye nambari moja, na ya pili ikatupwa kama marudio. Kuongeza herufi moja au mbili mbele ya nambari mpya kabla ya kufungua duka kunatosha.

Kosa jingine linatokana na njia ya malipo. Maduka mengi ya Kenya hupokea malipo kupitia wakala kama Pesapal, na mteja hutolewa nje ya duka, akalipa kwenye ukurasa wa wakala, akarudishwa. Akirudi, Google Analytics inaweza kumwona kama mgeni mpya aliyeletwa na Pesapal. Ripoti husema wakala wa malipo ndiye muuzaji bora wa mwezi, na tangazo lililomleta mteja halipati chochote. GA4 ina orodha ya tovuti zisizohesabiwa kuwa chanzo. Anwani ya wakala huandikwa humo, na ikibadilishwa wakala, orodha nayo hubadilishwa siku hiyo hiyo.

Nambari za simu zinastahili uangalifu wa pekee, maana katika Kenya simu ndiyo kitambulisho cha mnunuzi kuliko barua pepe. Seva ya duka inapotuma mauzo, huigeuza nambari ya mteja kuwa msimbo usiosomeka, na kampuni ya matangazo huulinganisha na msimbo ilio nao. Tofauti ya tarakimu moja huzaa msimbo tofauti kabisa. Mteja huandika 07 na nambari yake. Meta hutaka ianze na 254 bila alama yoyote. Google hutaka alama ya kujumlisha mbele ya 254. Duka likituma kama mteja alivyoandika, hakuna kitakacholingana. Kuna pia fomu za zamani zinazokubali nambari zinazoanza na 07 tu, ilhali tangu 2019 Wakenya wanapewa nambari zinazoanza na 01. Hapo kinachopotea ni mteja mwenyewe.

Tena, anayelipa kwa mkono kwenye Paybill au tili hafiki dukani na nambari yake kamili, kwa kuwa siku hizi Safaricom huificha sehemu yake kwenye ujumbe inaoutuma kwa mfanyabiashara. Paybill ina nafasi ya nambari ya akaunti, ambamo mteja anaweza kuandika nambari ya oda, tili haina. Kwa duka la mtandaoni linalotaka kujua nani kalipia nini, tofauti hiyo ndogo inatosha kuamua lipi lichaguliwe.

Saa pia husumbua. Akaunti ya matangazo iliyofunguliwa kwa saa za California iko nyuma ya Nairobi kwa saa 10 au 11. Oda ya saa tatu asubuhi siku ya Jumatatu itaandikwa Jumapili usiku huko, na hesabu za siku hazitalingana kamwe na daftari la M-Pesa. Akaunti zote ziwekwe saa za Nairobi na fedha za Kenya, na iamuliwe mapema kama ada ya kusafirisha inaingia kwenye thamani ya oda au la. Jibu lolote linafaa, mradi jukwaa jipya lifuate jibu la jukwaa la zamani.

Baada ya kuhama huja swali gumu zaidi: mauzo yakishuka kwenye ripoti, je, kipimo kimeharibika au biashara imeshuka? Kwa muuza omena jibu haliwezi kupatikana bila kulitazama ziwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu samaki hawavutwi na mwanga wa taa. Mitumbwi mingi hupumzika. Wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi hazilingani. Anayelinganisha wiki moja kabla ya kuhama na wiki moja baada yake anaweza kuilaumu tagi kwa kosa la mwezi. Kipindi cha haki ni mzunguko mzima, takriban siku 30 kwa 30. Zaidi ya hapo, upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kwa takriban miezi minne kuanzia Aprili ili samaki wazaliane. Miezi ya kufungwa inavutia kama wakati wa kuhama, kwa kuwa dukani kuna utulivu na kosa halitagharimu oda nyingi. Lakini oda chache hazitoshi kuonyesha kasoro inayotokea mara moja katika ishirini. Afadhali kuhama mwanzoni mwa kipindi hicho, kujaribu kwa oda za wafanyakazi wenyewe kwa kila njia ya malipo, na kuingia Agosti mfumo ukiwa umeshazoeleka.

Kipimo kisichodanganywa na lolote kati ya haya ni uwiano. Kila asubuhi oda zilizothibitishwa na M-Pesa huwekwa upande mmoja, na mauzo yaliyoripotiwa na kila kampuni ya matangazo upande wa pili. Idadi zenyewe hazitalingana, kwa kuwa si kila mteja aliletwa na tangazo, lakini uwiano wake hauna budi kubaki karibu na ulivyokuwa kabla ya kuhama. Kama Facebook ilikuwa ikidai oda 4 katika kila 10, na sasa inadai 1, tatizo liko kwenye tagi. Kama malipo yenyewe yamepungua na uwiano umebaki pale pale, tatizo ni soko au ziwa. Siku ambazo hesabu ilikuwa mbovu ziarifiwe Google Ads kama siku za kupuuzwa, ili mtambo usijifunze uongo.

Kwa mauzo yanayomalizikia WhatsApp, hakuna tagi itakayoyaona yenyewe. Mhudumu anayepokea ujumbe huandika oda ndani ya mfumo wa duka, pamoja na alama ya tangazo lililomleta mteja. Matangazo ya Meta yanayofungua WhatsApp moja kwa moja huja na alama hiyo. Kazi ni ya mkono na inachosha, ila duka ambalo nusu ya wateja wake wako WhatsApp halina namna nyingine ya kujua ukweli.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mfanyabiashara awe na msingi halali wa kutumia taarifa za mtu, amweleze kinachofanyika, na atimize masharti kabla ya kuzipeleka nje ya nchi. Kamishna wa Data anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ipi iliyo ndogo. Kuigeuza nambari ya simu kuwa msimbo hakuifanyi isiwe taarifa ya mtu. Nambari zote zinazoweza kuanza na 07 au 01 hazizidi milioni 200, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi mpaka ipate inayozaa msimbo ule. Mteja wa Kisumu aliyetoa nambari ili aletewe samaki hakuitoa ili ipelekwe Marekani, mpaka aulizwe na akubali. Kukubali kwake, au kukataa, ni lazima kuhamishwe na duka kama oda zinavyohamishwa. Jukwaa jipya linaloanza kwa kudhani kila mtu amekubali linavunja ahadi ambayo la zamani lilitoa.

Duka la zamani halizimwi siku ile ile. Anwani zake zilizosambaa kwenye machapisho ya Facebook na kwenye vikundi vya WhatsApp huelekezwa kwenye kurasa mpya, na maelekezo hayo yajaribiwe kwa anwani zilizobeba gclid na fbclid, kwa sababu mengine huzikata alama hizo njiani. Oda zilizorudishwa au kufutwa baada ya kuhama hurekebishwa kule zilikoripotiwa awali. Daftari la oda la jukwaa la zamani, pamoja na ripoti zake, hupakuliwa na kuhifadhiwa nje ya mtandao. GA4 isipobadilishwa mpangilio huweka takwimu za kina kwa miezi 2 tu, na hata ikibadilishwa haivuki miezi 14 kwa matoleo ya bure. Kwa duka la omena daftari hilo linahitajika mpaka msimu mzima upite juu ya jukwaa jipya, kutoka ufunguzi wa Agosti mmoja hadi wa Agosti unaofuata.